Picha Nne Zilizobaki

Tangu nirudi Tabora, kila anayefika kunijulia hali anauliza swali moja kabla hata hajakaa: picha ziko wapi? Mtu anakwenda Maskati wiki tatu, na kisa chenyewe cha safari ni kamera, halafu anarudi mikono mitupu. Nimechoka kueleza nusu nusu mlangoni huku sufuria ikiungua, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Msome, mpeane. Mambo ya tiketi na viza nayaruka. Yalinichosha mimi, yatosha.

Kwanza mjue nilichokuwa nimebeba. Katikati ya miaka ya tisini nilifanya kazi za ndani Maskati, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa familia ya Waomani waliotoka Unguja. Mama wa nyumba ni Bi Shemsa. Binti yake, Zuwena, alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, na ndiye aliyenifanya nikae kule miaka minne, mimi ambaye sijawahi kukaa mahali miaka minne. Nilikuwa na kamera. Katika nyumba ile picha za wanawake hazikupelekwa studio, kwa sababu nyuma ya pazia la kila studio alikuwepo mwanamume, na hakuna aliyetaka mwanamume asiyemhusu ashike picha ya bibi harusi akiwa kichwa wazi. Kwa hiyo harusi zilipita bila picha hata moja ya upande wa wanawake.

Zuwena alitafuta njia. Kaka yake alikuwa anasoma Uingereza, akamletea mkanda mmoja wa slaidi pamoja na bahasha yake ya njano. Mkanda ule haukusafishwa mahali pengine. Ukiumaliza unautia kwenye bahasha, unaupeleka posta, maabara ya huko mbali inausafisha na kukurudishia picha zako kwenye vifremu vidogo vya karatasi ngumu.

"Watakaoniona ni watu wasiojua hata jina langu," Zuwena alisema. "Wataniona wanirudishe, khalas."

Alasiri ya hina yake nilipiga picha thelathini na mbili. Mkanda ulikuwa na nafasi thelathini na sita. Nilitaka kuzimaliza, akanishika mkono kwa viganja vyake vilivyojaa hina mbichi, nikapiga kelele kwa ajili ya kamera. "Nne ziweke, Vero. Tutamalizia mtoto akija."

Waliotumia mkanda wanajua. Hakuna aliyepeleka kusafisha mkanda usioisha. Ilikuwa kama kumwaga chakula. Nikaiweka kamera. Kabla mtoto hajaja, niliitwa nyumbani kumuuguza mama yangu. Niliondoka na kamera, mkanda ukiwa ndani, nikisema narudi baada ya miezi miwili. Mama aliugua miaka miwili. Baada yake miguu yangu ikanichukua Mwanza, Lubumbashi, Mbeya, mnanijua. Kamera ikabaki ndani ya sanduku kwa dada yangu.

Mwaka jana mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi kule alirudi, akaniambia Zuwena alifariki zamani kwa ajali ya gari, binti yake akiwa hajafikisha miaka miwili. Binti anaitwa Ilham. Sasa ana miaka kumi na miwili, na uso wa mama yake anaujua kwa picha ya pasipoti tu, ile ambayo mtu haruhusiwi kucheka.

Siku hiyo hiyo nilifungua sanduku. Kidude cha kuhesabia kilikuwa bado kimesimama kwenye 32. Fundi wa picha hapa mjini aliniambia mkanda wa aina ile hautengenezwi tena, na ile maabara ya kwenye bahasha haiupokei. "Utunze kama kumbukumbu, dada." Lakini haukuwa wangu kuutunza. Ndiyo sababu nilisafiri, na hamkuwa na haja ya kunong'ona kwamba nimefuata mwanamume.

Tabora hadi Dar es Salaam, kwa treni

Mvua ilikuwa imekata reli mbele yetu, tukalala njiani siku nzima. Aliyekaa mkabala nami alikuwa Masanja, mtafsiri wa sinema. Ana ukumbi wa video Urambo. Sinema ya kigeni ikianza yeye anakaa pembeni na kipaza sauti, anawaeleza watazamaji kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na kisichosemwa pia.

"Dada, hiyo kamera unaibembeleza kama kichanga," aliniambia. "Ina nini?"

Nilimjibu kwamba ina mkanda.

"Mkanda! Basi ngoja nikwambie. Sinema zenye kamera zipo mbili tu, nyingine zote ni hizo hizo. Ya kwanza, mpiga picha ameona mauaji, wanamkimbiza, wanamkamata, jambazi anauvuta mkanda wote nje kwenye jua. Kwisha habari yake. Ya pili, mpiga picha anaingia chumba cha taa nyekundu, anatumbukiza karatasi nyeupe kwenye maji, uso wa mtu unatokea taratibu." Alishusha mkono kama anayeweka chini kipaza sauti. "Zamani hapo ukumbi mzima ulikuwa kimya, hata mimi nilizima kipaza sauti. Kila mtu aliwahi kungoja picha. Siku hizi vijana wananipigia kelele, 'Masanja, huyo ni mganga?' Sijui niwaeleze vipi. Kueleza kungoja ni kazi."

Nikamwambia kilichomo ndani ya mkanda. Tulipofika Saranda alishuka, akarudi na kuku wa kuchoma aliyefungwa kwenye karatasi ya saruji, akanikatia paja. "Ukifika huko tafuta balbu nyekundu," alisema akitafuna. "Mkanda unafunguliwa kwenye taa nyekundu. Sinema zote zinaonyesha."

Nililishika neno hilo. Kumbukeni nililishika.

Usiku ule chupa ya asali niliyombebea Bi Shemsa ilipasuka kifuniko, na asubuhi nikaikuta kamera imelala kwenye asali kama andazi. Nilifuta kwa kanga na mate mpaka Morogoro. Mfuniko wa nyuma haukufunguka, nashukuru, lakini kitufe cha kupigia kilianza kunata.

Dar es Salaam hadi Maskati, kwa ndege

Kwenye ukaguzi nilimwomba kijana wa zamu asiipitishe kamera kwenye mashine ya eksirei. Akaishika, akainusa. "Inanuka asali." Kisha akaigeuza. "Fungua hapa nyuma nione ndani."

"Siwezi kufungua, baba."

"Mama, kila kitu kinafunguliwa. Nikikwambia viatu, unavua viatu. Fungua."

"Ukifungua picha zinakufa."

"Picha zinakufaje? Nifungue mimi?" Na kidole gumba tayari kipo kwenye kikomeo. Foleni nyuma yangu ilikuwa inaguna. Nilijikuta nimemshika afisa mkono, jambo ambalo halishauriwi. Nikasema maneno ambayo sikuyapanga: kwamba ndani kuna mama wa mtoto, na mtoto hajamwona.

Mkubwa wake, mama mtu mzima mwenye miwani, alisogea. "Wewe hujawahi kuona sinema?" alimuuliza kijana. "Jambazi akiivuta ile filamu nje, si mpiga picha anaanza kulia? Unafikiri analilia nini?" Akaichukua kamera, akaitikisa sikioni, akanirudishia. "Pita nayo mkononi, mama. Mwambie mtoto pole."

Ndege ilitua Zanzibar kupakia abiria, tukakaa ndani saa mbili na nusu kwenye joto. Mama aliyepanda hapo akakaa karibu nami alikuwa na mfuko wa dagaa wakavu, akauficha chini ya kiti changu. Tuliruka tukinuka dagaa na asali.

Madinat Sultan Qaboos

Nyumba ilikuwa ile ile, isipokuwa mbele yake sasa pana duka kubwa la vyakula pale palipokuwa na mchanga mtupu. Bi Shemsa alinipokea mlangoni akiwa na fimbo. Tulishikana muda mrefu.

"Vero we, umenenepa," alisema. "Miezi miwili ulosema, skwambii kitu."

"Nisamehe, Mama."

"N'shakusamehe zamani. Ingia, mchuzi wa papa unapoa."

Ilham alikuja mezani akiwa na nguo za shule. Mrefu, mkimya, macho ya Zuwena. Aliniita Khalti, yaani dada wa mama, na kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Siku ya pili, tulipokuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha haraka haraka: jino la juu limekaa upande, limelipanda jenzake.

"Bibi anasema Mama alikuwa nalo kama hili. Lakini Bibi husema hivyo nikilia tu." Akakausha sahani. "Kwenye picha ya pasipoti mdomo kaufunga. Wewe unakumbuka, Khalti?"

Nilisimama na mikono ndani ya maji. Nilikumbuka kicheko, nilikumbuka hina, nilikumbuka mpaka vifungo vya nguo. Jino sikulikumbuka. Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia ukweli, akatingisha kichwa kama mtu aliyekuwa anategemea jibu hilo.

"Basi tufungue tumwone," alisema. Na yeye alikuwa ameona sinema zenye taa nyekundu, tena nyingi kuliko mimi. Alasiri ile tulivuka kwenda dukani tukanunua balbu nyekundu. Tukaifunga katika chumba changu cha zamani nyuma ya jiko, ambacho kina kidirisha kama cha kuku, na siku hizi kinawekwa magunia ya mchele. Tukaziba dirisha kwa blanketi, tukawasha. Ilham alitabasamu bila kufunika mdomo, maana kulikuwa na wekundu wekundu tu. Nilishika kikomeo cha kamera. Kilichonizuia kilikuwa kitu kidogo: hatukuwa na dawa za kusafishia, na nikaona heri tuzinunue kwanza.

Darsait

Zamani Darsait, mtaa mwingine wa Maskati, ilikuwa na studio iliyoaminika kuliko zote. Niliikuta. Bango la kamera bado lipo juu ya mlango, jua limelifuta rangi ya bluu ikabaki kama maziwa, lakini chini yake panauzwa simu. Kijana Mhindi alinikaribisha kwa Kiarabu chepesi. Nikamwonyesha kamera, nikamwambia nataka dawa.

Akaitazama kwa huruma, akaenda nyuma, akaja na simu mpya. "Mama, hii nzuri. Picha elfu."

Nikamwambia sitaki picha elfu, nataka thelathini na mbili.

"Picha elfu ni nyingi zaidi," alinieleza polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa.

Tulizungushana hivyo mpaka fundi wa saa wa mlango wa pili akaja kuamua ugomvi. Yeye alizaliwa Pemba. Alipoielewa shida yangu akacheka, akasema mwenye studio, Bwana Suleiman, yu hai, anatunza ghala la biskuti Rusayl, kwenye viwanda. "Mashine zake kazihamishia huko huko. Mkewe kazikataa nyumbani."

Rusayl

Teksi ilinizungusha kati ya viwanda kwa muda mrefu, maghala yote sura moja. Mwishowe nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa lori, mwanamume wa miaka sitini na kitu, kanzu safi, anakunywa chai ya maziwa na kuchovya biskuti zilizovunjika. Ilham alikuwa nami, na Bi Shemsa alibaki ndani ya teksi na kiyoyozi, kwa sharti la kuambiwa kila neno.

Bwana Suleiman aliipokea kamera kwa mikono miwili. Akasoma kidude cha kuhesabia, akauliza mkanda gani, nikamtolea ile bahasha ya njano. Aliitazama muda mrefu.

"Haufanyi kazi tena huu. Nilipokuwa na studio nikiupenda kuliko yote, na sikuweza kuusafisha hata mmoja. Mlikuwa mnataka kuufanya nini?"

Ilham akamweleza habari ya mama yake marehemu na, kwa fahari, ya balbu nyekundu.

Bwana Suleiman aliweka kikombe chini mpaka chai ikamwagika. "Taa nyekundu! Mngefungua mkanda wa rangi kwenye taa nyekundu? Mngemuua marehemu mara ya pili!" Akanigeukia mimi. "Na wewe, bibie, mtu mzima. Nani kakufundisha?"

"Sinema," nikasema.

"Sinema." Alipumua. "Sinema wanawasha taa ili sisi watazamaji tuone. Mkanda unataka giza la kaburi. Taa nyekundu ni ya karatasi, tena karatasi ya nyeusi na nyeupe. Miaka thelathini wateja wananisumbua na taa nyekundu." Kisha, kwa sauti nyingine, akasema na yeye aliingia kazi ile kwa sababu ya sinema, aliyoiona Unguja akiwa mdogo, uso wa mwanamke ukipanda kutoka ndani ya beseni. Alirudi kuitazama mara tano. Mama yake alidhani amempenda yule mwanamke.

Halafu alitueleza jambo lililonikata maini. Mkanda wa aina ile haukuwa na rangi ndani yake. Rangi zilitiwa kule kule maabara, kwa dawa zake maalumu. Dawa hazipo, kwa hiyo rangi hazipo, hata akija nani. Ila umbo limo. Anaweza kulitoa kwa nyeusi na nyeupe, mara moja tu, na baada ya miaka ile yote na joto la Tabora yeye hatuahidi kitu.

Tulikwenda kumwambia Bi Shemsa kwenye teksi. Ilham alikuwa anataka rangi. Nguo ya hina ya mama yake ameisikia maisha yake yote.

"Bibi, tungoje," alisema. "Labda wataanza kuutengeneza tena. Wallahi vitu vinarudi."

Bi Shemsa alimtazama mjukuu wake. "Mwanangu, nguo ilikuwa kijani cha kasuku, na mkufu wa dhahabu, na ushungi wa zari. Hayo nnayo, nakupa. Uso ndo sina. Uso umenitoka. Nikifumba macho namuona wewe, simuoni yeye." Akageukia dirisha. "Nikingoja rangi nitakufa sijamuona."

Hapo nikajua kwamba siyo mtoto peke yake aliyekuwa anangoja.

Likabaki moja. "Huyo mwanamme asimuone," alisema Bi Shemsa. Nilirudi kivulini kufikisha ujumbe, nikiogopa atakasirika. Bwana Suleiman hakukasirika. Alisema ataingia pale ambapo hata yeye haoni kitu, na pakianza kuonekana atatoka.

"Lakini maliza mkanda kwanza, bibie. Umebakiza nne. Mkanda haupelekwi haujaisha."

Chumba changu cha zamani

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulipiga zile nne. Thelathini na tatu ni Ilham na bibi yake barazani. Thelathini na nne ni Ilham peke yake, kwenye mlango aliposimama Zuwena siku ya hina. Thelathini na tano, kitufe kikanata kwa asali, nikakibonyeza kikagoma, nikaishusha kamera kuitazama, ikajipiga yenyewe: vigae vya sakafu. Bi Shemsa alicheka mpaka akakaa. Ikabaki moja. Ilham akaniomba kamera.

"Wewe Khalti humo hata kwenye moja."

Nikasimama mbele ya mlango wa chumba changu, nikiwa na aproni ya jikoni. Akaipiga.

Bwana Suleiman alikuja alasiri na pikapu ya ghala: mashine ya kukuzia picha imefungwa shuka, mabeseni matatu, dawa, karatasi za picha, na mfuko mweusi wenye mikono miwili kama ya shati. Akaingiza kamera na kopo la kusafishia ndani ya mfuko, akafunga zipu, akaingiza mikono yake kutoka nje, akafumba macho. Tulisikia kikomeo kikifunguka ndani ya kitambaa. Ilham alikuwa amekaa kitako anangoja maajabu. Alichoona ni mwanamume mzima anahangaika na mfuko.

"Ndo hivi tu?" alininong'oneza.

"Ndo hivi," alijibu Bwana Suleiman bila kufumbua macho. "Ndo maana hawaonyeshi sinema."

Kopo lilipotoka, limefungwa, akalitia dawa, akalitikisa, akamwaga, akatia nyingine, huku anatazama saa. Kisha akanipa mimi. Mkanda ule, alisema, una utando mweusi mgongoni unaotoka kwa maji ya magadi, na kuufuta ni lazima uutoe nje, na ukiutoa nje unaonekana. "Sasa ni wenu." Akatoka, akaweka kiti ukumbini, mgongo kwa mlango.

Nimefuta vyungu maisha yangu yote lakini sijawahi kufuta kitu kwa woga kama ule. Utando ulitoka kama masizi. Mkanda uliobaki ulikuwa wa kahawia, mzito kama chai ya rangi, na ndani yake sikuona kitu. Nikauinua kwenye taa ya kawaida. Humo ndani, wadogo kama punje, wamekaa watu wenye nyuso nyeusi na nywele nyeupe.

Bi Shemsa alisogeza miwani. "Mashetani gani haya?"

"Ndivyo inavyokuwa, Mama. Kwenye karatasi inageuka."

Tulitundika mkanda kwenye kamba ya nguo mpaka ukakauka. Nyingi zilikuwa ukungu. Za mwanzo tisa zilikuwa na watu, na zile nne za mchana zilionekana. Nikachagua ile ambayo uso ulikuwa mkubwa, nikautia mkanda kwenye mashine kama Bwana Suleiman alivyoniagiza kupitia mlangoni. Ndipo akasema, "Sasa washeni balbu yenu."

Ilham alinitazama. Nikawasha. Magunia ya mchele yakawa mekundu, na mabeseni, na mikono yetu.

Kama rangi zingekuwepo, picha zingekuja kwa posta ndani ya vifremu, na taa ile isingewashwa kamwe.

"Hesabu thelathini, zima mashine, tumbukiza karatasi," ilisema sauti ya nje. "Tikisa beseni polepole. Msiongee, mtasahau kuhesabu."

Nikatikisa beseni. Karatasi ililala majini nyeupe tupu, kwa muda ambao nilidhani tumekosea. Kisha zikaja nywele. Zikaja nyusi, na macho mawili, na maua ya hina kwenye viganja vilivyoinuliwa. Uso wenyewe ulikuja mwisho. Zuwena alikuwa anacheka, kichwa kimeenda nyuma, mdomo wazi kabisa, na jino la juu limekaa upande, limelipanda jenzake.

Ilham alipeleka ulimi kwenye jino lake, nikaliona shavu likitembea.

"Imetoka?" sauti ilisema. "Itoeni, itieni kwenye beseni la pili."

Nilinyoosha mkono. Bi Shemsa akanishika kifundo. Sikujua kikongwe ana nguvu zile.

"Muache."

"Mama, itakuwa nyeusi."

"Muache kidogo. Ndo kwanza kaja."

"Itoeni!" alipiga kelele Bwana Suleiman. "Mnanisikia?"

Tulimsikia. Hina ikaanza kuungana na viganja. Kivuli kikapanda shingoni, kikaingia mashavuni, jino likabaki jeupe peke yake muda kidogo, kisha nalo likazama. Tulikuwa tunatazama karatasi nyeusi, na Bi Shemsa bado amenishika.

Karatasi ya pili tuliitoa kwa wakati wake. Na ya tatu, na nyingine zote. Bwana Suleiman alipoingia baadaye kufungasha vyombo, picha zilikuwa zimeshafungiwa kabatini, isipokuwa ile nyeusi, iliyokuwa inakauka juu ya gunia. Akaiokota kwa ncha za vidole. "Nani kaharibu hii?"

"Mie," alisema Bi Shemsa. "Nipe."

"Haina kitu hii, bibi. Nikutupie."

"Nipe mwenyewe. Yumo. Nimemuona akiingia."

Akampa. Aliikunja ndani ya leso, na siku zote zilizobaki sikuiona tena.

Kurudi

Nilikaa siku tisa zaidi. Ndege ya kurudi haikuchelewa, treni ilichelewa, Masanja sikumwona. Nitampitia Urambo nimweleze kuhusu taa. Ilham alinisindikiza mpaka mlango wa uwanja. Nilimtania kwamba amesahau kufunika mdomo. Akasema, "Sijasahau."

Kwa hiyo mnaoniuliza picha: ziko Maskati, kwenye kabati la Bi Shemsa, na hata mngefika msingezionyeshwa, labda wanawake. Mimi nimepewa moja. Ni yangu, nimo mwenyewe, mkija nitawaonyesha. Haikutulia, na paji la uso limekatwa juu ya nyusi. Ni mwanamke mwenye aproni mbele ya mlango mdogo, anakaza macho kuelekea kwa anayempiga picha. Nyuma yake Ilham, ambaye Kiswahili anakisema lakini hakuzoea kukiandika, ameandika kwa herufi za kukokota: Thelathini na sita. Umeisha, Khalti.